Masizi Juu ya Paa la Mama

Kazini naitwa Pua. Sikulichagua jina hilo. Nilibandikwa, na aliyenibandika alistaafu zamani akaniachia mzigo. Kazi yangu ni kupima hewa ya mji. Watu wakisikia hivyo hudhani nazunguka mitaani nikinusanusa kama mbwa wa polisi, na wapo walioniuliza kwa uso mkavu kama naweza kujua jirani yao anapika nini. Siwezi. Ninachofanya ni kupanda juu ya mapaa, kufungua visanduku vya chuma, kutoa kichujio cha duara kinachoenea kiganjani, kuweka kingine cheupe, na kukipeleka kile kichafu maabara ili tujue uchafu wake umetoka wapi. Basi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kidude hicho kingetaka kumfungia mama yangu kazi.

Mama anaoka mikate. Mtaa mzima unamwita Mama Tanuri, na nadhani wengine hawajui kama ana jina jingine. Tanuri lenyewe ni la matofali, la kuni, amelirithi kwa bibi, na liko nyuma ya bandari, ukuta kwa ukuta na shule ya msingi. Halizimwi. Jioni mjomba wangu, mdogo wake mama, mwenye koleo refu na mdomo mrefu kuliko koleo, huyafukia makaa kwa majivu, na alfajiri huyafukua. Matofali yale yamezoea joto, yakipoa yanapasuka. Liliwahi kupoa mara moja tu, bibi alipougua, na nusu ya kuba lake ikaporomoka. Tangu hapo misiba imekuja ikapita, harusi zimekuja zikapita, tanuri liko vuguvugu. Mama anaweza kusahau siku yangu ya kuzaliwa, makaa hayasahau.

Mambo yalianza watoto wa shule walipoanza kukohoa. Madawati asubuhi yakawa yanakutwa na vumbi jeusi, laini, lisilotoka kwa kitambaa kikavu. Mwalimu mkuu ni mwanamke mnyoofu, hana mchezo, na watoto wale anawapenda kwa ukali. Akaenda baraza la mji akasema moshi wa tanuri unawaua wanafunzi wake. Na nani angembishia? Bomba la moshi la mama unaliona ukiwa umekaa darasani. Meli ziko nyuma ya ukuta wa bandari na maghala, huzioni, unasikia honi tu. Baraza likasema ofisi yetu ipime, na ikithibitika ni tanuri, lifungwe.

Hapo ndipo bosi wangu alipotia mkono. Tunamwita Bwana Subiri, kwa sababu ukimwomba hata kalamu atakwambia usubiri. Siku hiyo hakusubiri. Aliamua palepale kwamba sanduku likae juu ya paa la mama. Ofisini kwetu ndivyo tulivyozoea: hatutafuti mahali panapofaa kupimia, tunatafuta mahali penye umeme, ngazi, na mtu mwenye macho makali wa kuzuia wezi. Nilimwambia, bosi, yule ni mama yangu mzazi, na bomba lake liko pua na mdomo na hilo sanduku. Akasema vizuri zaidi, mama yako hawezi kutuibia. Ufunguo mmoja nikakaa nao mimi, wa akiba akapewa mama, autunze.

Sikubisha sana, na nitakwambia kwa nini. Nilikuwa na uhakika wangu. Meli ikifunga gati haizimi kila kitu. Inataka umeme wa taa, wa majokofu, wa kila kinachozunguka ndani yake, kwa hiyo jenereta zake zinanguruma kutwa kucha. Kanuni ya bandari inasema ikifika gatini iache yale mafuta mazito, meusi kama lami, itumie yaliyo safi. Kusema ni rahisi. Ilikuwepo meli moja ya makontena, imepakwa rangi nyeupe pe, wapakuaji wanaiita Bibi Harusi. Kila ikiwa gatini, mimi nikipita langoni koo lilikuwa linanikwaruza.

Lakini koo si ushahidi. Kwa macho, masizi ya kuni na masizi ya mafuta mazito ni weusi uleule. Maabara ndiyo inayoyatenganisha. Kuni zinaacha potasiamu. Mafuta mazito yanaacha madini mawili, vanadi na nikeli, na hayo kwenye gogo huyapati hata ulichome mpaka ukasirike. Kwa hiyo nilijua, nikikusanya vichujio vya kutosha, vitasema vyenyewe.

Vikasema. Bwana Subiri alinisomea majibu ya maabara akiwa amesimama: potasiamu tele, nikeli hata ya kuonja hakuna, vanadi hakuna. Moshi wa kuni mtupu. Niliomba nisome mwenyewe. Nikasoma. Nikasoma tena, kana kwamba majibu yangenionea huruma. Baraza lilikuwa likae juma lililofuata, na kwa majibu yale tanuri lilikuwa limekwisha.

Nilitoka kwenda kwa mama kwa miguu, kabla ya saa yangu ya kubadilisha kichujio. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu, na njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia, sipati. Nikamkuta anakanda unga, mikono nyeupe mpaka viwikoni. Mjomba akanikaribisha kwa utani wake kwamba Fundi Moshi amekuja kula bure. Nikavuta kigoda nikae, na hapo nikaona. Mdomoni mwa tanuri, kwenye ule ukingo wa matofali ambako mjomba huanika glavu zake, kulikuwa na kitambaa safi kimetandikwa, na juu ya kitambaa kichujio changu kinakauka.

"Mama, hicho nini?"

"Si kidude chako," akajibu, wala hakuacha kukanda. "Nimekifua. Kilikuwa kimechafuka."

Nikamuuliza amekifua lini. Akasema leo, na jana, na juzi, na kila asubuhi tangu sanduku liletwe. Alikuwa anaongea kwa utulivu wa mtu aliyetenda wema asitake kusifiwa. Siku ya kwanza, alinieleza, alipanda kuhakikisha wezi hawajafika, akafungua kwa ufunguo wa akiba, akakuta kile kitu cheupe cha mwanawe kimekuwa cheusi tititi. Juu ya paa lake. Akaona haya. Akawaza watu wa ofisini kwangu wakikipokea, wakisema kumbe mama yake Pua ni mchafu hivi. Basi akakisuuza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua, asije akakiharibu, akakikausha pale kwenye joto, akakirudisha kabla sijafika.

Pale kwenye joto. Kwenye moshi wa kuni. Masizi ya siku nzima yanamwagwa na maji ya sabuni, kisha kichujio kinalazwa mdomoni mwa tanuri kinywe moshi wa tanuri. Na mimi, mtaalamu, nilikuwa nimeviona vimejikunja kidogo pembezoni nikasema ni unyevu wa bahari.

Nilicheka. Naapa nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, na mama akaacha unga akanitazama kwa hofu. Mjomba akasema yeye alidhani ndio utaratibu wa serikali, alishangaa tu sabuni hawaleti. Nikawaeleza yote. Majibu ya maabara, baraza, tanuri kufungwa. Mama alisikiliza akiwa amesimama, unga unamkauka mikononi.

"Yaani nimejifunga kamba mwenyewe," akasema.

Nilimwambia hapana, kamba tutaikata. Sikuwa najua kwa kisu gani, lakini nilisema, na nikisema jambo mbele ya mama sirudi nyuma. Huo ukaidi nimeutoa kwake.

Asubuhi yake nikaingia kwa Bwana Subiri bila kubisha hodi. Nikamwambia majibu yale yafutwe, vichujio vilifuliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Akaniuliza nani ataamini. Mtoto anakuja kusema vichujio vinavyomshtaki mama yake vilifuliwa, na aliyevifua ni mama yuleyule? Wataona tumekula njama, na yeye pamoja nasi. Nikaomba muda wa kupima upya. Akasema hakuna wa kusubiri. Yeye, kati ya watu wote, akaniambia mimi hakuna wa kusubiri.

Nilitoka kwa hasira, lakini nikiwa nashuka ngazi nikakubali kwamba katika jambo moja alikuwa sahihi. Nikipima upya tanuri likiwaka, hata majibu yakiwa mazuri vipi, watu watasema mkono wangu umo. Nilihitaji kipimo ambacho hata adui wa mama hawezi kukitilia shaka. Na kipimo hicho kilikuwa kimoja tu. Tanuri lizimwe, tuone kama masizi yatakuja bila lenyewe. Nilipolifikiria hilo nikakaa kwenye ngazi palepale, watu wakawa wananiruka.

Nilianza na mwalimu mkuu. Nilimkuta darasani anafuta madawati mwenyewe, kitambaa kimekuwa cheusi, na kwenye mstari wa mbele mtoto mmoja anakohoa kikohozi kile kikavu cha kizee. Sikumzunguka. Nikamwambia kilichotokea, sabuni na yote, na nikaona mdomo wake ukipigana na kicheko. Nikamwambia tanuri litazimwa. Ufunguo wangu na wa mama nitampa yeye. Atapanda mwenyewe, atatoa kichujio mwenyewe, atakipeleka maabara mwenyewe. Mimi mkono wangu sitauweka.

"Na kikitoka cheupe?" akauliza.

"Kikitoka cheupe, mimi ndiye nitakayesimama barazani niseme lifungwe."

Akanyoosha mkono apokee funguo.

Sasa ikabaki kumwambia mama. Nilidhani nitapambana naye, nimejiandaa na maneno. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kuba, mgongo umeegemea matofali, kama anavyokaa akichoka. Nikamweleza. Nikamweleza na hatari yake, kwamba huenda tukaliokoa tanuri kwa kulivunja. Mjomba akaweka koleo chini akasema hilo haliwezekani, bora lifungwe zima kuliko lipasuke mikononi mwetu, angalau tuwe na kitu cha kutazama.  Mama alipapasa matofali kwa kiganja, polepole, upande huu na upande ule.

"Watoto wanakohoa kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli.

"Basi lizimwe. Kama ni mimi, nijue."

Aliyafukua makaa yeye mwenyewe, hakumruhusu mjomba. Aliyatoa nje kwenye karai, karai baada ya karai, akayamwagia maji, na kila lilipofuka alifumba macho. Kisha akafagia ndani, akafuta ukingo, akafunga mdomo wa tanuri kwa bati ili lipoe taratibu. Akaenda kulala mchana kweupe. Sijawahi kumwona mama analala mchana.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Wateja walikuja wakakuta mlango nusu, wakanung'unika, wakaenda. Mjomba alikosa la kufanya na mikono yake, akawa anapanga kuni ambazo hazihitajiki. Asubuhi ya kwanza mwalimu mkuu alikuja kabla ya kengele, akavua viatu, akapanda ngazi na sketi yake ya kazini. Akashuka na kichujio kwenye kiboksi chake. Sikumuuliza. Akanionyesha mwenyewe, bila hila. Kilikuwa karibu cheupe.

 Mama alikuwa amesimama mlangoni, akakiona, akaingia ndani. Mwalimu mkuu naye hakushangilia, ila niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Nilikimbilia ofisini. Chombo cha upepo kilikuwa kinaonyesha upepo wote wa siku ile umetoka bara kwenda baharini. Nikafungua kompyuta. Kila meli kubwa hutangaza kwa redio ilipo na inakokwenda, na sisi tunaziona kwenye ramani. Gati la karibu na mtaa wetu lilikuwa tupu. Bibi Harusi alikuwa bado yuko njiani.

Ningeweza kumpigia simu mwalimu mkuu nimweleze. Nilishika simu, nikaiweka. Nilikuwa nimeahidi mkono wangu hautaingia, na maelezo nayo ni mkono. Nilikaa nikajilazimisha kunyamaza, na kunyamaza kwangu si kazi ndogo.

Bibi Harusi akafunga gati keshoye. Mchana upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini kuja mjini, nikausikia kooni kabla sijauona kwenye chombo. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa kwa mama mapema, tumekaa mimi, yeye na mjomba kwenye jiko baridi, hakuna anayemwangalia mwenzake. Tukasikia ngazi inalia. Tukasikia sanduku linafunguliwa juu. Kisha kimya kirefu, mpaka mjomba akasema labda ameanguka.

Mwalimu mkuu akashuka. Kiboksi kilikuwa mkononi, na vidole vyake viwili vilikuwa vyeusi. Alikiweka mezani, mahali mama anapokatia unga, akafungua. Kichujio kilikuwa kama kimechovywa kwenye wino.

"Mama," akamwambia mama yangu, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "tanuri lako limepoa kweli?"

Mama akamshika mkono ule wenye masizi, akampeleka, akamwekea kiganja kwenye matofali. Yalikuwa baridi kama ukuta wa choo. Mwalimu mkuu aliuacha mkono pale. Akaniuliza ni nini basi, na mimi nikasema sijui, maabara itasema, ingawa roho yangu ilikuwa inaruka sarakasi.

Alikipeleka mwenyewe, mguu kwa mguu, hakutuma mtu. Maabara ikasema: vanadi, nikeli, potasiamu kidogo mno. Mafuta mazito, yamechomwa karibu. Bwana Subiri alipoyapata majibu alikaa chini. Nikamfungulia ramani nikamwonyesha saa upepo ulipogeuka na meli iliyokuwa gatini. Safari hii hakuniambia nisubiri. Alichukua koti lake tukaenda bandarini pamoja, na nakiri kwamba siku ile alinguruma kuliko jenereta. Wakaguzi wa bandari wakapanda melini, wakachota mafuta kwenye tangi linalolisha jenereta. Yalitoka kwa kujivuta, meusi ti. Bibi Harusi alikuwa hajabadilisha mafuta hata kidogo.

Barazani niliulizwa kama tanuri halina lawama yoyote. Ningeweza kusema halina, na ukumbi mzima ungepiga makofi. Nikasema linayo kidogo, moshi wa kuni ni moshi, na bomba lake ni fupi. Mama alikuwa nyuma, nikasikia akiguna. Mwalimu mkuu ndiye aliyesimama akasema malalamiko yake hayafuti, anayahamisha kutoka kwenye tanuri kwenda gatini, na atayafuata hukohuko. Baraza likaamua sanduku lihamie paa la shule, jingine liwekwe langoni mwa bandari, na kila meli ipimwe mafuta ikifunga gati. Mama akaambiwa ainue bomba. Aliinua juu kiasi kwamba mjomba anasema sasa tunawavutisha malaika.

Tanuri tuliliwasha tena kwa vijiti vidogo, kwa subira, siku nzima, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mama alikaa kiganja kikiwa juu ya kuba. Jioni, moto ulipoanza kuwa moto, tukasikia. Mlio mmoja, mkavu. Ufa ulipita kutoka mdomoni mpaka juu kabisa, unaingiza ukucha. Mjomba alishika kichwa. Mimi nilisimama nikingoja liporomoke, nikijua ni mimi niliyeomba lizimwe.

Halikuporomoka. Mama alikanda udongo na majivu, akauziba ufa kwa kidole gumba, kipande kwa kipande, na alipomaliza akasema tanuri na yeye sasa wana makunyanzi sawa. Mpaka leo mikate ya upande wa kushoto inaungua kidogo. Wateja wamezoea, na wapo wanaoililia hiyohiyo ya kushoto.

Nilipokwenda kumwona juzi, nilikuta ukutani, pale kaunta, fremu iliyokuwa na picha yangu ya kuhitimu chuo. Picha haikuwemo. Ndani ya kioo ilikuwa imewekwa nusu duara nyeusi, nusu ya kile kichujio cha Bibi Harusi iliyobaki baada ya maabara kukata yao. Mwalimu mkuu ndiye aliyemletea. Nikauliza mimi nimepelekwa wapi, mama akasema niko kwenye droo, sura yangu anaijua. Masizi kidogo yalikuwa yamevujia ukingoni mwa fremu. Katika nyumba ile hakuna doa linalolala hapo lilipoangukia, na mimi nimelelewa humo, kwa hiyo nikachukua kitambaa kilichokuwa begani kwake nikaanza kufuta. Akanishika mkono.

"Acha," mama akasema. "Huo si uchafu wangu."